Anayemtunza Mzee Naye Ahesabiwe

Somo kuhusu wanaowahudumia majumbani wazee wenye dimensia



Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinamtaka anayekwenda kupokea Ekaristi Takatifu afunge kula na kunywa kwa saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa (Kan. 919). Ibara ya tatu ya kanuni hiyo inawaondolea sharti hilo wazee na wagonjwa. Jambo hilo wengi wetu tunalijua. Tunalolisahau ni kwamba ibara hiyohiyo inawataja pia wale wanaowatunza. Mzee akiletewa Komunyo nyumbani, anayemtunza naye anaweza kupokea, hata kama amekula chakula dakika kumi zilizopita.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mtunzaji hana ratiba yake mwenyewe. Anakula pale mgonjwa anapolala. Sheria ya Kanisa inapoingia katika chumba cha mgonjwa inahesabu watu wawili. Sisi mara nyingi tunahesabu mmoja. Tunamsalimia mzee, tunasali naye, tunampa Komunyo, kisha tunaaga, huku dada aliyemwogesha na kumvika nguo safi akiwa amesimama jikoni akingoja tuondoke.

Somo hili linahusu kundi moja la watunzaji hao, yaani wanaowahudumia nyumbani wazee wenye dimensia. Tutaangalia kwanza ugonjwa wenyewe, kisha kazi inayofanyika, halafu tutajiuliza Kanisa lina deni gani kwa wanaoifanya.

1. Dimensia ni nini?

Dimensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo, na ambayo hudhoofisha kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kufanya mambo ya kila siku. Ugonjwa unaoongoza kwa kuileta ni ule uliopewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na ndiyo maana shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa huongeza hatari.

Shirika hilohilo linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu kama baadhi yetu tunavyodhani. Utafiti uliofanyika vijijini katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kiwango cha asilimia 6.4 kwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Maana yake, kigango chenye wazee mia moja wa umri huo kinaweza kuwa na sita au saba wenye hali hii, pengine bila mtu yeyote kuitaja kwa jina.

Tutofautishe mambo mawili. Uzee peke yake si dimensia. Mzee anayesahau alipoweka miwani yake anaweza kuwa amesahau tu kama sisi sote. Mzee anayeishika miwani mkononi asijue ni kitu cha nini, au anayepotea njia ya kanisani aliyoipita miaka hamsini, anahitaji kupelekwa kwa daktari.

Kutojua jambo hili kumegharimu maisha ya watu. Bibi anayetembea usiku, anayezungumza na mume aliyefariki zamani au anayetoka nje bila nguo, huitwa mchawi kwa urahisi. Katika maeneo ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mhubiri anayeeleza vizuri kwamba hayo yanaweza kuwa dalili za ugonjwa wa ubongo anaweza kuokoa uhai wa mtu.

Hadi sasa hakuna dawa inayoponya magonjwa haya. Zipo dawa zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi fulani. Lakini kwa familia zetu nyingi, tiba kubwa ya kila siku ni mtu: yule anayeamka na mzee asubuhi na kumlaza usiku.

2. Kazi yenyewe

Mtu huyo ni nani? Wakati mwingine ni binti ambaye hakuolewa, au mkwe, au mjukuu aliyekatishwa masomo. Mara nyingi, hasa mijini, ni dada wa kazi. Aliajiriwa apike, afue na afagie. Hakuna aliyemwambia kwamba bibi ana ugonjwa, na pengine familia yenyewe haikujua. Watoto wa mzee wako mbali, wanatuma fedha, wanapiga simu jioni na kuambiwa, "Bibi hajambo." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali huuona mwepesi.

Tutazame baadhi ya mambo anayokutana nayo, na namna watunzaji wazuri wanavyoyakabili.

Swali lilelile. Mzee anauliza, "Leo siku gani?" Anajibiwa. Baada ya dakika mbili anauliza tena. Kumwambia "Nimeshakujibu" hakumsaidii, kwa kuwa jibu la kwanza halikubaki. Mtunzaji mzuri hujibu mara ya kumi kama alivyojibu mara ya kwanza. Ni vivyo hivyo kwa shikamoo: bibi akimwona kama mgeni mara tano kwa siku, anamwamkia mara tano.

"Nataka kwenda nyumbani." Mzee anasema hivyo akiwa ameketi sebuleni kwake. Kumbishia humtia hofu. Mara nyingi anatafuta usalama, au nyumba ya utoto wake. Mtunzaji humwuliza, "Nyumbani kuna nini, Bibi?" Anamsikiliza, anazunguka naye uani, na baada ya muda wanarudi ndani pamoja.

Kuoga. Kuvuliwa nguo na mtu usiyemtambua ni jambo la kuogofya na la aibu. Mtunzaji hutangulia kusema kila anachotaka kufanya, anahakikisha maji ni ya vuguvugu, na anamfunika kanga sehemu isiyooshwa kwa wakati huo.

Saa za jioni. Wagonjwa wengi huhangaika zaidi jua linapozama. Huzunguka, hulia, hutaka kutoka. Wengine hawalali usiku, na mtunzaji naye halali. Kesho yake bado kuna kupika na kufua.

Lugha. Mzee aliyejifunza Kiswahili shuleni anaweza kukipoteza polepole na kubaki na lugha ya mama yake. Mtunzaji aliyetoka mkoa mwingine hujikuta haelewi anachoombwa. Hapa jirani mmoja anayeijua lugha hiyo, akiandika maneno ishirini ya maji, maumivu, choo na baridi, anakuwa ametoa msaada mkubwa.

Mabadiliko ya ghafla. Mtunzaji ndiye wa kwanza kutambua kwamba bibi wa leo si yule wa jana. Mzee akichanganyikiwa ghafla kwa siku moja au mbili, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, homa ya mapafu au upungufu wa maji mwilini, na hayo yanatibika. Familia imsikilize mtunzaji anaposema, "Leo hayuko sawa," na mzee apelekwe hospitali mapema.

Tuhuma ya wizi. Mzee huficha fedha chini ya godoro, anasahau, kisha anasema, "Huyu binti ameniibia." Ni dalili inayojulikana sana ya ugonjwa huu. Wapo watunzaji wanaofukuzwa kwa sababu hiyo, bila mshahara wao na huku jina lao likiwa limechafuliwa. Familia itafute kwanza mahali ambapo mzee huficha vitu. Hata hivyo tusiyapuuze malalamiko yote ya mzee kwa kisingizio cha ugonjwa, kwani wapo wazee wanaoibiwa na kupigwa kweli. Njia ya kuwalinda wote wawili ni rahisi: fedha na vitu vya thamani zishikwe na ndugu anayejulikana, matumizi yaandikwe katika daftari, na mtu wa tatu aingie nyumbani humo mara kwa mara.

Anayefanya haya yote kwa upole anafanya kazi yenye ujuzi. Tusiseme ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya.

3. Mzee bado ni mtu mzima mbele ya Mungu

Mwanasaikolojia Tom Kitwood, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Bradford huko Uingereza, aliandika mwaka 1997 kitabu kilichobadilisha namna wengi wanavyowahudumia wagonjwa hawa. Hoja yake ni kwamba mgonjwa haumizwi na ubongo wake peke yake. Anaumizwa pia na namna tunavyomtendea: kumharakisha kuliko anavyoweza, kumsemesha kama mtoto mchanga, kumdanganya, kuzungumza habari zake mbele yake kama vile hayupo. Hayo yanaweza kufanywa hata na watu wema wasiojua. Na kinyume chake, mtu anayeitwa kwa jina lake, anayepewa kazi ndogo ya kuchambua maharage, anayengojwa amalize sentensi yake, hubaki mtu kati ya watu.

Sisi Wakristo tuna sababu ya ndani zaidi ya kukubali hoja hiyo. Heshima ya mtu haitokani na uwezo wake wa kukumbuka. Inatokana na kuumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwa 1:27). Aliyebatizwa ametiwa alama isiyofutika (KKK 1272), na kama dhambi haiwezi kuifuta alama hiyo, ugonjwa wa ubongo hautaifuta. Nabii Isaya anatufundisha kwamba hata mama akimsahau mtoto wake, Mungu hatusahau (Isa 49:15). Mzee aliyelisahau jina lake mwenyewe hajasahauliwa na yule aliyemwita kwa jina.

Yoshua bin Sira anasema jambo ambalo ni kama aliliandika kwa ajili ya somo letu. Anamwagiza mwana amtunze baba yake uzeeni, na anaongeza kwamba baba akipungukiwa akili, mwana amvumilie, asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu (taz. YbS 3:12-13). Basi hali hii haikuwa ngeni kwa waamini wa kale. Nao waliambiwa kwamba amri ya kuwaheshimu wazazi haikomi pale akili ya mzazi inapokoma kufanya kazi vizuri.

Mungu hutumia mikono ya watu kumkumbuka mzee huyu. Mtunzaji anayejua kwamba babu hupenda chai bila sukari, na kwamba hutulia akiimbiwa wimbo fulani, anamtunzia kumbukumbu ambazo mwenyewe hawezi tena kuzishika. Akifukuzwa ghafla na kuletwa mwingine, sehemu ya kumbukumbu hizo inaondoka naye, na mzee anaanza upya na mtu asiyemjua.

4. Ruthu na Boazi: sifa haitoshi

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano wa mwanamke kijana anayemtunza mwanamke mzee. Ruthu ni mgeni, Mmoabu, aliyeacha kwao amfuate Naomi, mjane aliyefiwa na watoto. Huko Bethlehemu anaokota masazo ya mavuno ili wote wawili wale. Mara nyingi tunahubiri juu ya upendo wa Ruthu, nasi tunafanya vema. Lakini tumtazame pia Boazi katika sura ya pili.

Boazi anamsifu Ruthu kwa yote aliyomtendea mkwewe (Rut 2:11-12). Asingefanya zaidi ya hapo, Ruthu angerudi nyumbani na maneno matamu na kikapu kitupu. Boazi anawakataza vijana wasimguse. Anamwonyesha mahali pa kunywa maji. Wakati wa chakula anamketisha pamoja na wavunaji, naye anakula akashiba na kusaza. Kisha anawaagiza watumishi waache masuke kwa makusudi ili aokote (Rut 2:8-9, 14-16). Usalama, maji, chakula, mahali mezani, kipato: hivyo ndivyo mwamini anavyomheshimu anayemtunza mzee.

Kwa mtunzaji aliyeajiriwa, jambo hili lina jina: haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Dada wa kazi hajaachwa nje ya haki hizo. Anayeamka na mzee saa nane za usiku yuko kazini saa hiyo.

Huenda mtu akasema, "Lakini tulikubaliana naye mshahara huu, na hakulalamika." Papa Leo XIII alilijibu jambo hilo katika waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, na Katekisimu inalirudia (KKK 2434): makubaliano peke yake hayaufanyi mshahara kuwa wa haki, kwa sababu mwenye njaa hukubali chochote. Mtume Yakobo anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe hulia, na kilio hicho kinafika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Familia inayotoa shukrani ya Misa kwa ajili ya bibi huku msichana anayemtunza akidai mshahara wa miezi mitatu ina jambo la kurekebisha kabla ya kufika altareni.

Kwa mtunzaji aliye ndugu, haki ina sura nyingine. Binti mmoja kati ya watoto sita hapaswi kubeba mzigo wote kwa sababu tu "yeye ndiye aliyebaki nyumbani." Ndugu wagawane siku, gharama na usiku wa kukesha. Asiyeweza kuja alipe wa kumpumzisha anayekesha.

5. Kwa mafrateri na wahudumu wa Ekaristi: unapoingia katika nyumba hiyo

Anza na mtunzaji. Muulize mzee yukoje leo, na saa gani huwa ametulia. Kwa wengi ni asubuhi. Jitambulishe kwa mzee kila mara, keti usawa wa macho yake, sema polepole, uliza jambo moja kwa wakati. Usimwulize, "Unanikumbuka?" Swali hilo ni mtihani anaoweza kushindwa mbele ya watu.

Sala fupi zilizozoeleka hubaki muda mrefu. Mzee asiyeweza kutaja majina ya watoto wake anaweza kuendelea na Salamu Maria akianzishiwa, au kuimba wimbo wa Kilatini aliojifunza utotoni. Mshikishe rozari mkononi. Ishara ya msalaba aliyoifanya maisha yake yote mara nyingi mkono wake bado unaijua.

Kuhusu Ekaristi, Papa Benedikto XVI aliandika katika Sacramentum Caritatis (2007, na. 58) kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupewa Kipaimara wapewe Komunyo kila inapowezekana, kwani wanapokea pia katika imani ya familia au jumuiya inayowasindikiza. Mantiki hiyo inatusaidia kwa mzee wa dimensia aliyepokea maisha yake yote. Asipoweza kumeza vizuri, mpe kipande kidogo sana cha Hostia pamoja na maji, na ubaki naye hadi amemeza. Palipo na ulazima, Komunyo inaweza kutolewa kwa umbo la divai peke yake (Kan. 925), na hapo shauriana na Paroko. Mtunzaji ndiye atakayekuambia jinsi mzee anavyomeza.

Kuhusu Mpako wa Wagonjwa, usingoje siku ya mwisho. Kanuni 1004 inauruhusu mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na inaruhusu urudiwe hatari ikizidi. Asiyeweza tena kuuomba apewe, ikiwa alipokuwa na akili timamu aliuomba walau kwa namna isiyo ya wazi (Kan. 1006), na mtu aliyeishi Kikristo tunamhesabu hivyo. Kuhusu Kitubio, padre asimlazimishe mzee kutaja asichoweza kukumbuka. Sheria inatambua kwamba kutowezekana humwondolea mtu wajibu wa kuungama kikamilifu (Kan. 960).

Kabla ya kuaga, mgeukie mtunzaji. Kama ni Mkatoliki na yuko tayari, mpe naye Komunyo. Muulize mara ya mwisho kwenda Misa ilikuwa lini, na kama anahitaji padre wa kumwungamisha. Kama si wa imani yetu, mshukuru na umwulize hali yake.

6. Parokia ifanye nini?

Mambo manne yanawezekana bila bajeti kubwa.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iandike nyumba zenye wazee wa namna hii, na katika kila mstari yawepo majina mawili: la mzee na la anayemtunza.

Pili, WAWATA, vijana na vyama vya kitume vipange zamu za saa tatu za Dominika, ili mtunzaji aende Misa, au alale tu. Anayekwenda zamu amfahamu mzee kwanza kwa ziara mbili tatu, asije kuwa mgeni wa kumtisha.

Tatu, mara moja kwa mwaka aalikwe muuguzi au daktari kutoka zahanati au hospitali ya jirani awafundishe watunzaji: kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumlisha asipaliwe, kutambua hatari. Dominika ya nne ya Julai inafaa sana, kwani Papa Fransisko aliiweka mwaka 2021 kuwa siku ya kuwaombea mababu, mabibi na wazee duniani kote.

Nne, Paroko akubali kuwa mtu ambaye mtunzaji anaweza kumfikia anaponyimwa mshahara, anaponyanyaswa, au anapohisi uchovu wake unakaribia kumfanya amwinulie mzee mkono. Anayekiri uchovu mapema apewe mtu wa kumpokea, asihukumiwe.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani anamtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu? Tunalijua jina lake?

2. Nyumbani kwetu, je, anayemtunza mzee wetu ana siku ya kupumzika kila wiki, na mshahara wake wa mwezi uliopita umelipwa?

3. Tusome Rut 2:8-16. Kati ya mambo aliyoyafanya Boazi, ni lipi tunaloweza kulifanya wiki hii, na nani atalifanya?